Mgomba Badala ya Maluki

Gatongora, Ruiru
4 Novemba 2025

Kwako Mjomba Mulei,

Natumai barua hii inakukuta wewe na Mama Maluki mkiwa na afya, na kwamba mkweo Waruguru na mtoto wa Maluki wanaendelea vyema kule Kiandutu. Mimi ni mzima. Mitihani inakaribia, na ile kesi yetu ya maandamano imeahirishwa tena kwa sababu faili, kama kawaida ya faili za wanyonge, haikuonekana. Mama amepiga simu kutoka nyumbani kusema mvua imewahadaa na mbegu zimeozea ardhini.

Umeagiza kwamba habari za Maluki zisipite tena kwenye simu, ambako kila mtu huongeza chumvi yake. Unataka ziandikwe, na kila moja itajwe nani aliyeiona kwa macho yake na nani aliyeisikia tu, kama kiwandani kwenu ambako jora la kitambaa halitoki bila alama ya mkaguzi. Nilicheka, kisha nikaona una haki. Dereva wa gari la mikate amekubali kuwa tarishi wetu.

Haya basi ndiyo yaliyopo mezani tangu mwanao Maluki, ndugu yangu, aliyepanda ndege kwenda kupakia mizigo ghalani Urusi, atutumie picha akiwa na bunduki kisha anyamaze. Bedan, yule wakala aliyempeleka, anamwambia Waruguru kwamba Maluki yuko hospitali, ameumia mguu, na atakula Krismasi nyumbani. Kutoka nambari ya Maluki mwenyewe kumeandikwa maneno ya Kirusi ambayo, yakitafsiriwa, yanasema askari huyu ametoroka kikosi. Wizarani, nilikopanga foleni na akina mama wa watu, karani alisema jina hilo halimo: si kwa walio hai, si kwa waliokufa.

Mjomba, mtu hawezi kulala hospitalini, kukimbia msituni na kutokuwepo duniani kwa wakati mmoja. Mimi kila ninapopewa habari huuliza kwanza ni nani anayeshiba tukiiamini. Tukiamini ya hospitali, Bedan anaendelea kusafirisha vijana wa Thika. Hiyo inatosha kunifanya nisiiamini.

Mpwa wako,
Ndila

*

Thika
11 Novemba 2025

Kwako Mama,

Nakuita hivyo kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, ingawa yeye alikuwa mtu wa maneno machache. Tumshukuru Mungu, tuko. Goti la Mama Maluki linamsumbua baridi ikiingia. Shamba la Ngoliba limeota nusu. Kazini, Viren, mtoto wa mwenye kiwanda, amenirudisha zamu ya mchana akisema macho yangu yanapitisha kasoro usiku.

Nina jambo. Juzi Maluki alimpigia Waruguru. Alisema yuko hospitali na anatakiwa kulipa dawa. Waruguru alituma alichokuwa nacho. Alikuwa ameirekodi simu, akaja kumchezea Mama Maluki, na mama akapiga magoti jikoni. Sauti ilikuwa ya Maluki, Ndila. Mpaka kile kikohozi chake cha kabla ya kuomba kitu. Kesho yake tukasikia kwamba nyumba nyingine mbili za Kiandutu zimepigiwa na watoto wao, kwa maneno yale yale, na mmoja wa watoto hao alishazikwa tangu Agosti. Nambari haipatikani tena.

Mama Maluki bado anataka kuisikiliza ile rekodi. Nimeifuta. Hajaniongelesha tangu hapo.

Sasa wewe uliyesoma nieleze. Kama sauti ya mwanangu si ushahidi kwamba mwanangu yupo, kimebaki nini?

Mjomba wako,
Mulei

*

Gatongora, Ruiru
17 Novemba 2025

Kwako Mjomba,

Pokea salamu zangu, na umfikishie Mama Maluki pole ya goti. Karatasi ya kwanza ya mtihani nimeifanya leo asubuhi. Ilinitaka nijadili haki za raia katika dola huru, na nusura nicheke ukumbini.

Kuhusu simu: wezi hao wana mashine inayokula sauti ya mtu kutoka katika jumbe zake za zamani na kuitema upya. Kwa hiyo sikio limestaafu. Shika kanuni hii, na uifundishe nyumba nzima. Sauti yoyote ikipiga, iulizeni jambo ambalo halijawahi kupita kwenye simu. Iulizeni Bibi alimwita Maluki jina gani alipokuwa akifukuza kuku. Maluki atajibu akicheka. Mwizi atazunguka: atasema laini ni mbaya, atasema hasikii, atauliza habari za nyumbani. Asiyejibu swali si wenu. Kata.

Lililobaki ni zito, nami sitalifunga kwa pamba. Nimempata mtu aliyekuwa naye. Anaitwa Chege, kijana wa hapa hapa Gatongora, ambaye amerudi akiwa na mkono mmoja na sasa anauza chaja katika duka la shemeji yake. Walikuwa kikosi kimoja. Mwishoni mwa Septemba walivushwa uwanja mtupu kuelekea safu ya miti. Droni ikawafuata. Maluki alikuwa mbele yake, ikapasuka karibu na kichwa chake, akaanguka. Chege hakugeuka nyuma. Anasema aliyegeuka nyuma hakurudi.

Huyu hana wakala wa kumlinda wala cheo cha kutetea. Aliona kwa macho yake, na mkono alioupoteza ndio sahihi yake.

Maluki amekufa, Mjomba. Wamemuua waliomnunua na waliomuuza, na serikali iliyokaa ikatazama.

Ndila

*

Thika
25 Novemba 2025

Kwako Mama,

Tuko salama. Mtoto wa Maluki ameota meno mawili ya juu. Barua yako niliisomea kiwandani, chooni, ili mtu asinione.

Sijamwambia Mama Maluki. Nakuuliza kwanza. Huyo Chege alimwona ameanguka, au alimwona amekufa? Nimekagua kitambaa miaka mingi. Jora likianguka kutoka kwenye lori, kila mtu huruka akapiga kelele kwamba limeharibika, lakini lazima mtu ainame alifunue. Nani aliinama?

Pia pana hili. Waruguru amepata video kutoka upande wa pili wa vita, wa wale wanaowateka askari wa Urusi. Wanaume sita kwenye benchi. Mmoja Mwafrika, mwishoni, amefungwa bendeji kichwani iliyofunika masikio yote mawili, na uso umefifishwa. Haongei. Mama Maluki aliiangalia mara moja tu akasema ni yeye. Nikamuuliza amejuaje na uso haupo. Akasema, tazama anavyokishika kiwiko. Ni kweli mtu yule ameshika kiwiko cha kushoto kwa mkono wa kulia, na Maluki tangu utotoni akiona wageni hushika hivyo.

Hiyo nayo iweke kwenye mizani yako.

Mulei

*

Gatongora, Ruiru
29 Novemba 2025

Kwako Mjomba,

Salamu kwenu nyote, na hongera kwa meno ya mtoto. Mitihani imekwisha. Nimechaguliwa katibu wa chama cha wanafunzi kwa kura ambazo hata wapinzani wetu hawakuthubutu kuzihesabu mara ya pili.

Nimeiona video. Nimeiona mara nyingi kuliko inavyostahili. Benchi, bendeji, uso uliofutwa, kiwiko. Ni wanaume wangapi duniani hushika viwiko vyao mbele ya mtu mwenye bunduki? Mama aliyenyimwa mwana atamwona katika kivuli cha ndoo. Simlaumu, lakini siwezi kuliandika jicho lake kama shahidi. Na walioitoa video hiyo ni jeshi lililo vitani. Kila picha inayotolewa na jeshi lililo vitani ni risasi iliyopigwa kwa njia nyingine.

Sasa nisikilize, kwa kuwa hakuna mwingine atakayekuambia. Waruguru amenieleza kwamba Mama Maluki bado humpakulia chakula kila jioni na kukifunika. Mjomba, kila sahani anayoifunika ni kura anayompigia Bedan. Matumaini ya nyumba yako ndiyo yanayomlinda muuaji, maana hakuna anayeshtakiwa kwa kifo ambacho wenyewe wamekikana. Mwambie aache. Wewe ni mume wake. Usijifiche nyuma ya upole.

Tumzike Maluki. Ukoo wetu unayo desturi: aliyefia mbali asiyeletwa huzikwa kwa shina la mgomba. Na tumzike mchana, mbele ya kamera, kwa jeneza. Chama kiko tayari kuja Ngoliba kwa mabasi. Kaburi moja linaloonekana litafanya kazi ambayo maombi elfu ya wazazi wanaonong'ona hayajaifanya.

Msipozika, mnamzika mara mbili: wao kwa droni, ninyi kwa kimya.

Ndila

*

Thika
16 Desemba 2025

Kwako Mama,

Tuko. Mvua imenyesha siku tatu na barabara ya Ngoliba ni tope tupu, waambie wenzako wavae viatu vya kazi.

Niliuliza swali moja na barua yako haikuligusa. Nimeliona pengo hilo. Sitaliuliza tena, kwa sababu jambo sasa limetoka mikononi mwangu.

Ukoo ulikaa Jumapili. Walitaka kujua ni nani anayesema Maluki amekufa. Nikawasomea barua zako, ile ya Chege na hii ya mwisho, neno kwa neno. Wengine walinung'unika kwamba msichana wa chuo hawezi kuwafungulia kaburi. Nilipofika chini nikasoma jina lako. Mzee Simeon, kaka wa baba yangu, akaniambia nilirudie. Nikasema, Ndila. Akasema, "Basi mama yake Mulei ameongea. Tunangoja nini?" Hakuna aliyebisha baada ya hapo. Nilitaka kuwaambia kwamba wewe si yeye. Nikaikunja barua.

Mama Maluki aliondoka kikaoni kabla ya chai. Jioni nilimwambia asipakue. Alipakua. Nikaichukua ile sahani nikampa mbwa, mbele yake. Umesema nisijifiche.

Mazishi ni Jumamosi. Viren ametoa kitambaa cheupe cha kufunikia jeneza, jora ambalo lilikuwa haliuziki, lina mstari uliokosa uzi toka mwanzo hadi mwisho. Nililikataa kiwandani mimi mwenyewe mwezi uliopita. Vijana watakata mgomba kule mtoni.

Mulei

*

Gatongora, Ruiru
8 Januari 2026

Kwako Mjomba,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama Maluki, hata kama najua hataki kuzisikia salamu zangu. Mama yangu amerudi salama nyumbani na bado analalamika kwamba pilau ya mazishi haikuiva.

Ninaandika nikiwa na fahari ambayo sitaificha. Mabasi mawili, Mjomba, na waandishi wa habari. Picha ya Maluki sasa iko katika kila ukuta wa chuo, na chini yake maneno: Aliuzwa, Akauawa, Akazikwa na Watu Wake. Imefika hata ng'ambo. Watu nisiowajua wanaituma katika lugha nisizozijua. Wanafunzi wa vyuo vingine wananiuliza wafanyeje. Ninawaambia: zikeni wafu wenu hadharani. Ofisi ya Bedan imefungwa kwa makufuli, na yeye mwenyewe hajulikani alipo.

Najua ukoo unasema nilivuka mpaka pale kaburini. Mama Maluki alikuwa ameshika udongo hataki kuuachia, watu wamesimama, kamera zimesimama, na mchungaji amerudia ombi mpaka limeisha maana. Mtu alipaswa kufanya jambo. Nilimshika kifundo cha mkono nikamfungua vidole, kimoja baada ya kingine, udongo ukaanguka. Aliniambia, "Umenifungua kama mwizi anavyofungua mlango." Nimelisikia. Lakini udongo ulianguka, na kaburi ambalo mama hajalitupia udongo si kaburi kwa sheria za kwetu.

Waruguru amefanya busara kwenda kwa wazazi wake Gatundu na mtoto, na kubadilisha laini. Mjane ana haki ya kuanza upya, na wezi wa sauti hawatampata tena.

Ndila

*

Thika
2 Februari 2026

Kwako Mama,

Hatujambo. Jua limerudi kwa hasira. Nyumba ni kubwa bila mtoto kuja siku za Jumapili.

Nakuletea habari, na nitaiandika kwa utaratibu. Aliyeiona kwanza ni Mama Maluki. Wa pili kuiona ni mimi, nilipoinama juu yake. Wa tatu ni Mzee Simeon. Kaburi limechipua. Kuna jani moja la mgomba, limejikunja, lina urefu wa mkono, limetokea upande wa kichwa.

Wazee wamegawanyika. Baadhi wanasema vijana walikuwa na haraka wakakata shina pamoja na mzizi wake, jambo ambalo mtu wa zamani asingelifanya. Wengine hawasemi kitu ila wameacha kupita upande ule. Mama Maluki analinywesha kila asubuhi kwa kikombe. Ameanza tena kupakua.

Mama, mimi si mtu wa ushirikina. Lakini nimekuwa mkaguzi, na kasoro ikijitokeza juu ya kitambaa, hatusemi haipo.

Mulei

*

Gatongora, Ruiru
5 Februari 2026

Kwako Mjomba,

Salamu. Nitakuwa mfupi, nina mkutano.

Mgomba wenye mzizi, ukizikwa katika udongo mweusi baada ya mvua, huchipua. Hiyo ni habari ya mgomba. Haina neno lolote kuhusu uwanja wa vita ulio nchi nyingine. Tukianza kuuliza majani mahali mwana wa mjomba wangu alipo, kesho tutamuuliza Bedan atupigie ramli.

Wiki ijayo waandishi wa habari wanatuma kamera kupiga picha za kaburi kwa filamu fupi. Sitaki waone jani na mama anayelinywesha. Watatucheka, na maadui zetu watasema ukoo wenyewe hauamini. Ling'oe. Ling'oe na mzizi, na umwambie kwamba ni wewe uliyeling'oa.

Na kanuni ya simu msiisahau. Picha zimesambaa sana, wezi watarudi.

Ndila

*

Thika
20 Februari 2026

Kwako Mama,

Tuko. Goti la Mama Maluki ni lile lile.

Niliutoa mgomba kwa jembe. Alinitazama kutoka mlangoni. Wapiga picha wako walipata kaburi safi.

Jumapili, baada ya kanisa, simu yangu iliita kwa nambari ndefu ya ng'ambo. Nitakuandikia kama ilivyokuwa. Sauti ilisema, "Baba, ni mimi." Ilikuwa sauti ya Maluki, ila ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu anayeita ng'ombe. Nilifanya ulivyofundisha. Kwa sauti yangu ya kawaida nikamuuliza Bibi alikuwa akimwita nani alipofukuza kuku.

Akasema, "Baba, upo? Sema kwa nguvu. Sisikii."

Nikauliza tena, vile vile, polepole. Sikutaka mwizi anione nimebabaika.

Akasema amempigia Waruguru hapatikani. Akasema amepewa dakika chache, na nipaze sauti, kwa sababu masikio. Hakumaliza. Mama Maluki alitoka jikoni akikimbia na goti lake hilo, mikono ina unga, akitaka simu. Nilimzuia kwa bega. Yule wa kwenye simu bado alikuwa akisema hasikii, hasikii, kama ulivyosema angesema. Hasira ikanipanda, Ndila, kwa ajili ya ile rekodi, na sahani, na mgomba, na yote. Nikapiga kelele ambayo jirani aliisikia: "Mwanangu nilimzika Desemba!"

Akanyamaza. Nilikuwa bado natafuta kitufe cha kukata, na laini ikakatika upande wake.

Mama Maluki amehamia chumba alichokuwa akilala Maluki.

Kitu kimoja kinanikwaruza. Mwizi yule hakuomba chochote. Niambie kama nilifanya sawa.

Mulei

*

Gatongora, Ruiru
23 Februari 2026

Kwako Mjomba,

Ulifanya sawa kabisa. Wezi wa siku hizi hawaombi mara ya kwanza. Hujenga huruma kwanza, huomba baadaye. Aliulizwa mara mbili akakwepa mara mbili. Ungemwachia Mama Maluki simu ile, angerudi pale alipokuwa Novemba, na tungeanza maombolezo upya.

Simama imara. Nchi nzima inakutazama, hata kama hujui.

Salamu kwa wote.

Ndila

*

Gatongora, Ruiru
27 Machi 2026

Kwako Mjomba Mulei,

Natumai mko wazima. Hujaandika zaidi ya mwezi, na dereva wa mikate anasema humpi hata salamu za mdomo. Mama yangu hajambo.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nitaiandika kwa utaratibu ulioutaka tangu mwanzo.

Aliyenipa habari ni mama mmoja wa shirika linalotembelea mateka wa vita. Alinitafuta mwenyewe. Alikuwa ameiona ile picha yetu ya Maluki, yenye maneno yale chini yake, na uso huo aliwahi kukaa nao meza moja. Hakuusikia kwa mtu. Aliuona.

Maluki alitekwa mwishoni mwa Septemba, akiwa amezimia chini ya miti. Mguu ni mzima. Ngoma za masikio yote mawili zilipasuka. Husikia kitu iwapo tu mtu atapiga kelele karibu naye, au apige kelele kwenye simu iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Yeye ni mmoja wa wale wanaume sita kwenye benchi. Mwezi Februari kila mateka aliruhusiwa kupiga simu nyumbani. Yeye alipiga Jumapili.

Mama yule alipomkuta siku chache baadaye, walizungumza kwa kuandikiana. Alimuuliza kama aliwapata watu wake. Maluki aliandika kwamba alimpata baba. Aliandika kwamba baba alisema maneno kadhaa ambayo hakuyasikia, kisha akasema moja ambalo alilisikia, kwa sababu ndilo pekee lililosemwa kwa nguvu.

Akamuuliza ni nani wa kujulishwa. Akaandika: Hakuna.

Mateka wa kigeni walipewa hiari. Waliokuwa na watu wa kuwadai wangebaki chini ya ulinzi mpaka nchi zao ziwachukue. Wengine wangeingia katika mabadilishano na kurudishwa kwa jeshi lililowaandikisha. Mama huyo anasema alimsihi. Maluki alijiandikisha kurudi. Walibadilishwa tarehe tisa ya mwezi huu, na wote waliobadilishwa wamepelekwa mstari wa mbele. Nambari yake haiiti.

Nilikwenda kwa Chege nikiwa na hasira, nikamwambia alinidanganya. Alikuwa akimfungia mteja waya kwa meno, kwa mkono wake mmoja. Alinijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nilikwambia ameanguka. Kufa ulimwongezea wewe, dada. Uliondoka hata chai hujamaliza."

Nimeitafuta kasoro katika habari hii kama nilivyoitafuta katika nyingine zote. Sijaipata.

Ushahidi niliokuwa nao wakati ule ulielekea upande ule. Nataka ulijue hilo.

Ndila

*

Thika
12 Aprili 2026

Ndila,

Barua imefika. Niliisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama Maluki yote, pamoja na mahali pa Jumapili. Aliniomba nirudie mahali pa masikio tu.

Nilikwenda kwa Mzee Simeon kuuliza kama kaburi linaweza kufutwa. Anasema linaweza kufutwa na mwenyewe peke yake, akisimama juu yake mchana kwa miguu yake miwili. Nikauliza, na akifa kweli huko aliko? Akasema ukoo hauziki mtu mara mbili. Kwa hiyo ikija habari hatutakaa matanga, wala hatutanyoa, wala hatutaita mchungaji. Tutapika kama siku zote.

Mabango yako yapo hata stendi ya hapa Thika. Mvua haijayatoa. Napita na njia ya nyuma.

Simu yangu sasa anakaa nayo Mama Maluki. Hairuhusu ipungue chaji. Ameacha kuongea kwa sauti ya kawaida. Kila neno analipaza, la chumvi, la maji, hata amina ya kanisani. Watu wanadhani amekuwa kiziwi na wanampazia sauti na wao. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akasema, kwa kupiga kelele, nikiwa nimekaa karibu naye kabisa, kwamba siku Maluki akipiga hataki kukutwa hajazoea.

Jana alimsalimu mtoto wa jirani mpaka mtoto akaangua kilio. Sikumnyamazisha hata mmoja wao.

Mulei